Siku Tuliyojificha Tusihesabiwe

Odette mwanangu,

Ningeanza kwa kusema mimi ni mzima na hofu yangu ni kwako tu, ungejua nadanganya. Sijatulia tangu adhuhuri. Nimetengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umevunjika. Nimemfunga mbuzi, nimemfungua, nimemfunga tena kwenye kivuli kilekile. Mama yako amenitazama weee, halafu akasema, "Baba Odette, safari ni ya mtoto, mbona miguu inayowasha ni yako?" Basi nimechukua karatasi na kalamu, nimekaa huku nyuma ya nyumba ambako hapiti mtu, nikuandikie kabla hujarudi kutoka kanisani kuaga.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho mkono wangu ulichofundishwa. Kirundi nakisema na nakiota, lakini darasa pekee nililokaa hadi nikajua kuandika lilikuwa kambini Tanzania, chini ya turubai, na sikufika mbali. Ukikuta makosa yapite, uende mbele.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya chumba utakachopanga Mbarara na watu wa kuepuka jioni, mama yako ameyasema na atayasema tena kesho asubuhi mpaka taksi iondoke. Mimi siyagusi. Mimi nina jambo moja tu, na wewe unalijua, kwa sababu siku zote hizi umelipita kwa mbali kama mtu anayepita shimo.

Jambo lenyewe ni Egide.

Kaka yangu alipokufa Egide alikuwa ndiyo kwanza anaota ndevu. Tangu siku ile sikumwita tena mtoto wa kaka. Mmekula sahani moja, mmegombania blanketi moja. Leo yuko rumande Mbarara, na Alhamisi anasimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuwa ndani ya Uganda bila ruhusa. Wakimwona ana hatia atafungwa, kisha atapelekwa mpakani na kurudishwa Burundi, kwenye kilima chetu, ambako watu waliomchukua baba yake bado wanalima mashamba yao na kusalimia watu. Wakili ameniomba niende nisimame pale niseme huyu kijana ni nani. Nilimjibu, "Nitafikiria." Tangu hapo nafikiria. Na wewe, utakayekuwa mkalimani katika ofisi ya wakili huyohuyo, hujaniuliza hata mara moja, "Baba, utakwenda?"

Ungeniuliza ningekasirika. Hukuniuliza, na hilo ndilo linalonizungusha uani.

Nianze na hofu yangu ilikotoka. Siyo ili unihurumie. Nataka tu ujue kwamba ina mahali ilipozaliwa. Wewe nawe ulizaliwa katika kambi ile ya Tanzania, lakini huikumbuki. Kulikuwa na spika imefungwa juu ya nguzo karibu na ghala la chakula, na kila asubuhi ilisoma majina. Mwanzoni yalikuwa majina ya watu wa kupokea mablanketi. Baadaye ya chanjo. Baadaye ya watoto waliofaulu. Tulizoea kuikimbilia spika ile, na mtu akisikia jina lake alipiga makofi. Kisha ukaja wakati ambao kambi ilitakiwa kufungwa, na spika ikaanza kusoma majina ya malori ya kuturudisha Burundi. Sauti ni ileile, ya bwana yuleyule aliyekuwa akitutania habari za mablanketi. Jirani yetu mmoja, mzee mnene mwenye haya, alisikia jina lake akiwa bafuni. Alipanda lori na povu nyuma ya masikio. Tulicheka, mwanangu. Tulimcheka mzee wa watu mpaka jina letu nalo likasomwa.

Nyumbani tulivuna mara chache tu. Mambo yakaharibika, kaka yangu akachukuliwa, akarudishwa amefunikwa kitenge cha mwanamke tusiyemjua, na sisi tukatoka tena. Kwa hiyo mtu aliyefika katika kambi hii ya Nakivale akiwa amekushika mkono alikuwa amejifunza somo moja tu duniani: jina lako likiandikwa, usifurahi.

Ndipo wakatangaza uhakiki. Unaukumbuka. Kila familia iende Base Camp, kwenye ofisi za kambi, ihesabiwe upya, vidole viwekwe kwenye mashine, macho yapigwe picha, na asiyekwenda jina lake litafutwa. Watu wote wa Nakivale walisikia tangazo moja. Lakini sisi Warundi wa kijiji chetu, tukiwa kwenye pombe ya ndizi, tulisikia letu. Kila mtu alikuwa na shemeji yake aliyemjua dereva aliyeambiwa na mtu. Malori yako tayari nyuma ya kilima. Mashine ya macho ni ya kutukamata tukijaribu kutoka mara ya tatu. Wakongomani walitucheka wazi. Yule jirani yetu mshonaji alisema, "Nyinyi Barundi, hata bakiwaita ku harusi, mutauliza lori iko fasi gani!" Na sisi tulimwona mjinga.

Mama yako alitaka kwenda. Aliniambia, "Salvator, Mungu mwenyewe anajua hesabu ya nywele zetu na hajatupandisha lori." Nilimwambia Mungu hana lori. Hilo nililiona jibu kubwa sana siku ile.

Nikawaamsha alfajiri. Wewe ulibeba sufuria ya viazi, mdogo wako alikuwa mgongoni kwa Egide, mama yako alikuja nyuma akininung'unikia hadi tulipoingia kwenye shamba la ndizi upande wa Isingiro, la yule mzee Mnyankole niliyekuwa nikimkatia mikungu. Jua lilipopanda akatukuta.

"Salvator! Leo si siku ya kukata. Unafanya nini huku na watu yako?"

"Tumejificha, mzee."

"Nani anawafukuza?"

"Hakuna, mzee. Wanatuhesabu."

Alitutazama mmoja mmoja, mpaka sufuria.

"Wanahesabu tu? Hawapigi?"

"Hawapigi."

"Sasa wewe! Ng'ombe yangu iko na namba kwa sikio. Mbwa yangu iko na karatasi ya sindano. Mimi mwenyewe natafuta kitambulisho, nakwenda Isingiro, narudi, nakwenda, narudi, wananiambia kuja kesho. Wewe wanakuita bure, unakuja kulala na ndizi yangu!"

Egide alicheka mpaka mdogo wako akaamka. Mama yako naye alicheka, kwa hasira. Mimi nilimwomba mzee atuache mpaka jioni, na alituacha. Alituma hata maziwa.

Tuliporudi jioni majirani walikuwa wamekwisha kurudi. Walikuwa na wino vidoleni, wamechoka kwa foleni, wanasimuliana jinsi mashine ilivyokataa macho ya bibi fulani. Hakuna lori lililokuja. Kesho yake halikuja. Na sasa nakuambia kitu ambacho sijamwambia hata mama yako: nililingoja lori lile kwa hamu. Nilitaka lije. Nilitaka liwabebe majirani zangu, yule mshonaji na bibi wa macho, ili mimi niwe mtu aliyeona mbali. Kila gari kubwa lililonguruma barabarani lilinifurahisha kidogo. Ndivyo hofu inavyomfanya mtu ikikaa naye muda mrefu.

Posho ilipokoma, mama yako hakuniomba ruhusa. Aliwachukua ninyi watoto, akaenda kwenye ofisi, akakaa kwenye foleni, akarudishwa, akaenda tena, mpaka majina yenu yakarudi kwenye mashine. Ndiyo maana umesoma sekondari. Siyo kwa sababu ya ndizi zangu. Siku ya mwisho alikuja akasimama mlangoni akasema, "Zimebaki nafasi za wanaume wawili wanaoogopa karatasi. Njooni." Egide alikuwa amekwisha kusimama. Akanigeukia. "Baba mdogo, unasemaje?"

Nikasema, "Sisi tunaweza kuishi bila mashine."

Akakaa.

Namwona akikaa, Odette. Naona goti lake likikunjika. Kama kuna kitu kimoja ningekirudia katika maisha yangu, siyo siku ya shamba la ndizi. Siku ile nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa huwa na sababu. Ni hapo alipokaa. Hapo sikuogopa. Nilikuwa sitaki tu kuonekana nimekosea.

Mama yako amepita hapa kuchukua kuni. Ameniuliza, "Umefika wapi?" Nimesema nimefika pale Egide alipokaa. Akasema, "Basi bado uko mbali," akaenda zake.

Ni kweli, bado niko mbali. Kwa kuwa hatukuwa na karatasi, ilibidi tuwe na maneno. Tulikuwa tukipakia mikungu Isingiro na kupanda juu ya mzigo hadi Mbarara kuipakua, na njiani kuna askari. Watu walisema Wakongomani wanapokelewa bila maswali mengi, Warundi wanaulizwa sana. Kwa hiyo nilimfundisha Egide jibu. Wakikukamata, wewe ni mtu wa Rutshuru, Kongo, umekimbia vita. Nilimfundisha jina la mtaa, la shule, la padri, yote niliyasikia kwa Wakongomani wa hapa kambini. Tukiwa juu ya ndizi, mimi nauliza, yeye anajibu, kama watoto wa katekisimu.

"Mto wenu?"

"Rutshuru."

"Baba yako alikufa vipi?"

"Vita, afande."

Alijibu vizuri. Nilimsifu. Nilimwambia babake awe amekufa mahali ambapo hakufia, naye akakubali, na nikamnunulia chapati.

Siku waliyomkamata alikuwa akikoroga zege kwenye jengo fulani, si mbali na kambi ya jeshi ya Makenke. Mchana alikata njia kando ya uzio kwenda kununua chakula. Aliyemsimamisha alikuwa askari mtu mzima, na Egide anasema hakuwa mbaya.

"Wewe, unaangalia nini kwa fensi ya jeshi?"

"Natafuta chapati, afande."

"Chapati iko ndani ya kambi?"

"Iko pale, kwa mama yule."

"Huyo mama ni bibi yangu. Chapati yake ni ngumu, utavunja meno." Alikuwa anacheka. "Wewe mtu wa wapi?"

Hapo, mwanangu. Hapo kulikuwa na mlango wazi. Angesema, "Mimi Mrundi, niko Nakivale na baba yangu mdogo, sina karatasi," labda yule mzee angemfokea na kumwambia aende zake. Labda siyo. Lakini Egide hakutazama uso wa askari. Alitafuta jibu nililompa, akalitoa.

"Rutshuru, afande."

Askari akafurahi kabisa. "Eeeh! Mimi nilikaa huko! Nilikaa Bunagana. Sasa niambie, kutoka kwenu kwenda Bunagana unapita wapi?"

Hilo sikumfundisha. Mimi mwenyewe silijui. Kicheko kikaisha, na mtu anayedanganya kando ya uzio wa jeshi hapelekwi kula chapati. Alikabidhiwa polisi.

Kesho yake kituoni mlikwenda wewe na mama yako. Mimi nilisema nina lori la kupakia. Lori lilikuwepo kweli, lakini lingeweza kupakiwa na watu wengine. Mama yako alinisimulia yote usiku ule, na nataka ujue kwamba nayajua. Ofisa alikuwa amechoka. Alimwambia wakili aliyekuja kumtetea Egide, "Huyu asubuhi alikuwa Mkongo. Mchana amekuwa Mrundi. Tungoje jioni, labda atakuwa Mchina." Watu wakacheka. Wewe ulikuwa ukimtafsiria Egide, kwa kuwa maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza, na hakuna mwingine pale aliyejua Kiingereza na Kirundi pia. Ofisa akauliza, "Nani alikufundisha kudanganya?" Ukamgeuzia Egide swali hilo, neno kwa neno. Egide hakumtazama mama yako. Alikutazama wewe. Akasema, "Hapo sina la kusema."

Ukamwambia ofisa, "Anasema hapo hana la kusema."

Ndipo wakili alipokuangalia vizuri. Mama yako anasema msichana mwingine angeongeza kitu, au angepunguza, kwa sababu ni kaka yake. Wewe hukuongeza, hukupunguza. Baadaye akakuuliza umesoma wapi na kama unatafuta kazi. Kwa hiyo kazi yako nzuri imetoka kwenye mdomo uliofungwa ili mimi nisitajwe. Sikuandikii hilo likuumize. Nakuandikia kwa sababu najua umelifikiria, na sitaki ulifikirie peke yako.

Jioni ile ulinipakulia maharage na mchicha wa lengalenga. Ukaniuliza, "Baba, chumvi imetosha?" Nikasema imetosha. Chakula hakikuwa na chumvi hata chembe. Tulikula wote wawili mpaka tukamaliza.

Siku wakili alipokuja huku kijijini wewe ulikuwa Base Camp. Nilimtolea kiti, nami nikakaa kwenye kile kingine, mama yako amesimama. Anaongea Kiswahili cha huku, lakini haogopi kukitumia.

"Mzee, mimi sitakuficha. Kwa faili kuna Egide wawili. Mmoja wa Kongo, mmoja wa Burundi. Hakimu anataka mtu anayemjua mmoja tangu kuzaliwa."

"Mama Odette anamjua."

"Anamjua tangu alipoolewa. Na yeye si yule aliyefundisha lile jibu."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Lakini umeshika kiti kama watu wanataka kukunyang'anya."

Mama yako akageuka akatazama ukuta. Najua alikuwa anacheka.

Nikauliza swali langu. "Nikisimama pale, wakisema na wewe karatasi yako iko wapi?"

"Wanaweza kuuliza. Nitasimama na wewe. Nimeanza kuomba ofisini wakurudishe kwa mashine, wewe na Egide, lakini foleni hiyo ni ndefu kuliko kesi. Siwezi kusema hawatakushika. Nikisema hivyo, nitakuwa nimekufundisha jibu, kama wewe ulivyofanya."

Sijawahi kusikia mtu wa ofisi akiniambia jambo baya waziwazi namna ile. Niliheshimu. Pia nilitamani aondoke. Mama yako akasema, "Mwambie mama wakili kwamba unaogopa, basi. Hakuna anayeshtakiwa kwa kuogopa." Nami nikasema nitafikiria.

Kuhusu kazi yako sina mengi, maana sijui mambo ya mahakama. Ninachojua ni jinsi mtu anavyoogopa, nacho nakijua kutoka ndani. Utaingia katika vyumba vile na utakuta watu wanaojibu upesi. Yule anayejibu upesi kuliko wote, kabla swali halijaisha, ndiye anayeogopa kuliko wote. Maneno yake amepewa na mtu anayempenda. Usimdharau. Muulize jana alikula nini, au nyumbani alimwacha nani akilia. Hayo hakuna aliyemfundisha, na akianza kuyajibu utasikia sauti yake inabadilika, na labda wakili naye atasikia. Na yule aliyemfundisha maneno, usimchukie haraka, kwa sababu naye...

Hapana. Hilo nimejisemea mwenyewe. Liache.

Kitu kingine. Watu watakutazama wewe badala ya kumtazama wakili, kwa sababu wewe ndiye unayeongea lugha yao. Watakuita dada, binti yetu, watakuuliza kabila la mama yako, watakuomba uweke neno dogo tu la kusaidia. Neno dogo tu. Na wewe utawahurumia. Mimi niliweka maneno madogo ya kusaidia katika mdomo wa kijana niliyempenda, na ona yalipomfikisha.

Nimeinuka tena, nimekwenda hadi barabarani nikarudi. Nilitaka nikuandikie hapa kwamba nitakuja Alhamisi. Niliiandika hiyo sentensi, nikaikata. Najijua. Kati ya kesho na Alhamisi naweza kupata homa. Inaweza kutokea lori la ndizi, au mazishi, au mtu wa kunishauri kwenye pombe mwenye shemeji anayemjua mtu wa mahakamani. Nikibaki hapa sitafika. Kwa hiyo nakuja kesho, na wewe, kwenye taksi hiyohiyo. Mama yako amekwisha kuambiwa, alipokuja mara ya pili kwa kuni ambazo hakuzihitaji. Hakunisifu. Aliuliza tu shati lipi, akaenda kulifua, na nasikia analipiga kwenye jiwe kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Nitalala sakafuni kwenye chumba chako mpaka siku ya kesi. Samahani kwa kukoroma.

Ndiyo maana haya nayaandika. Kwenye taksi sitayasema. Nitatazama dirishani nikuambie mikungu ya mwaka huu ni midogo.

Wakinishika hapohapo, usiache kazi yako kunifuata kwenye mlango wa selo. Mwache wakili afanye yake, na wewe umtumie mama yako ujumbe asisikie kwa watu. Nitaogopa, lakini safari hii nitakuwa naogopa mahali panapofaa. Na Egide atajua nilipo.

Sasa ombi langu. Nitasema kwa Kirundi, kwa kuwa kwa Kiswahili nina maneno mengi ya kujifichia. Nitasema: huyu ni Egide, mtoto wa kaka yangu, alizaliwa Burundi kwenye kilima chetu na nilikuwepo. Baba yake aliuawa huko, hakufa Kongo. Yeye alitaka kwenda kuandikwa na mimi nilimkalisha chini. Lile jibu la uongo ni langu, nilimkaririsha mimi. Wakili anasema hawatakuruhusu wewe unitafsirie, kwa sababu u damu yangu, watamtafuta mwingine. Ni vizuri hivyo. Lakini utakuwa umekaa pale, unasikia lugha zote mbili. Huyo mwingine akiniona mzee mchafu wa viatu, akanihurumia, akamwambia hakimu kwamba kijana "alishauriwa vibaya na watu", usinyamaze kwa heshima yangu. Simama, hata wakikuambia ukae, useme: baba yangu hakusema watu. Amesema, mimi.

Baba yako,
Salvator